Pale pa Kontroli Weka Komandi

Dada yangu alianza kupoteza macho akiwa bado anafundisha kuchapa kule Tumbi, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua, kwa sababu mwalimu wa kuchapa haangalii anachokichapa. Ndiyo kazi yenyewe. Sisi wanafunzi wake alitufunika mikono kwa khanga, tumekaa mbele ya zile mashine nzito za chuma, naye akipita nyuma yetu na rula. Ukiinua pindo la khanga kuchungulia herufi ilipo, rula inakutulia begani. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na nilipigwa kuliko wenzangu wote ili wasije wakasema ananipendelea.

"Macho yana kazi yake," alikuwa akituambia. "Yaache yasome. Kuandika ni kwa vidole."

Kompyuta zilipokuja hakubadilika. Kipanya alikiita gari la wavivu. Kila kitu alikifanya kwa vitufe: kunakili, kubandika, kurudi mwanzo wa mstari, kuruka neno, kuhama kutoka dirisha hili kwenda lile. Na kila alipoweka nukta, kidole chake kidogo cha kushoto kilishuka kwenye kontroli na kingine kikagusa S, kuhifadhi. Nukta, hifadhi. Nukta, hifadhi. Ukikaa karibu naye ulisikia mdundo huo mpaka ukauzoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Tulimcheka kwa hilo, na yeye akatujibu kwamba siku umeme utakapokatika tutajua nani mjinga.

Basi macho yakaendelea kupungua taratibu, ile presha ya macho ambayo haiumi na haipigi hodi. Alipokwenda kliniki kupimwa, daktari alimwambia kwa upole kwamba dawa zingelinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Aliona mwanga na kiza, aliona mtu amesimama mlangoni bila kujua ni nani, aliona ukurasa kuwa ni mweupe lakini si kilichoandikwa juu yake. Akaacha kazi, akarudi Kibuta, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, katikati ya mikorosho na mihogo. Hakuolewa, hakuzaa. Nyumba ile ndiyo ilikuwa mtu wake.

Nilimwonea huruma, na yeye huruma hakuitaka. Haukupita muda akapata kazi ambayo wenye macho yao walikuwa wameishindwa. Kulikuwa na mama mmoja mtafiti, wa Dar es Salaam, aliyekuwa akizunguka vijiji vya Kisarawe kuwarekodi wazee wakieleza mambo ya kilimo, misitu na ndoa za zamani. Sauti zile zilihitaji kuandikwa. Wachapaji wa mjini waliandika ovyo, maana mzee wa huku akinogewa anachanganya na Kizaramo, na anameza nusu ya neno. Dada alivaa visikilizio masikioni, akafumba macho yasiyokuwa na faida, na vidole vikaandika. Mama mtafiti akawa hampi mtu mwingine sauti za Kisarawe. Kompyuta yake, ile ya aina ya madirisha tuliyoizoea wote, ilikuwa na programu ya kumsomea alichoandika, kwa sauti ya kibati lakini Kiswahili. Aliishi hivyo, akinunua unga wake na dawa zake za macho mwenyewe.

Kisha siku moja umeme ulirudi Kibuta kwa hasira. Ukaunguza redio ya jirani, taa ya barazani, na kompyuta ya dada. Fundi wa Kisarawe mjini aliifungua, akainusa, akaifunga tena.

Hapo ndipo kaka alipopata nafasi yake.

Kaka yetu mkubwa ni mtumishi mstaafu, anakaa Kibaha, na bado anazungumza kama mtu anayesubiri ukimaliza agonge mhuri. Simchukii. Alikuwa na hofu ya kweli: dada alikuwa ameshaungua mkono kwenye jiko, na aliwahi kupotea kwenye mihogo yake mwenyewe mpaka jirani akamsikia akiita. Lakini kaka ana namna ya kukuhurumia mpaka ujione mzigo. Aliita kikao cha familia pale pale Kibuta, barazani, akasema dada ahamie kwangu Sofu, ambako nina chumba cha uani nyuma ya steshenari yangu, na nyumba ya baba ipangishwe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameshaiulizia.

"Mtu asiye na kazi na asiye na macho hawezi kukaa porini peke yake," alisema. "Hata kwa Mungu tutaulizwa."

"Kazi ninayo," dada akajibu.

"Kompyuta huna."

Dada akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia jinsi alivyoyapanga, moja baada ya lingine, kama anayechapa. Alisema mama mtafiti amempa sauti za wazee wa tarafa nzima, na anazitaka kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. "Nitafutieni mashine. Nikiimaliza kazi hii, mtaniacha kwenye nyumba ya baba, na habari ya kuhama isisemwe tena. Nikishindwa, hamtanivuta. Nitawaita mwenyewe mje mnichukue."

Kaka akakubali. Tukainua mikono, akasoma Fatiha, kikao kikafungwa. Kwetu, neno likishafungwa kwa Fatiha halifunguliwi kwa sababu mtu amebadili mawazo. Baba alituachia hilo pamoja na mikorosho.

Mashine aliileta kaka mwenyewe, na hapo nampa haki yake. Binti yake anafanya kazi mjini, ofisini kwao walikuwa wamebadilisha kompyuta, naye akapewa ya zamani. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya sufuria mpya, na mgongoni ina lile tunda lililong'atwa. Kaka aliishika kwa mikono miwili kama anayekabidhi Msahafu. Mimi nilipoiona nikamwambia hii si mashine ya dada.

"Kompyuta ni kompyuta," kaka akasema.

Niliichukua kwanza mpaka Sofu. Niliiweka kwenye kaunta ya steshenari, kando ya ile ninayochapia barua za watu, nikaanza kutafuta. Kwenye simu nilipata kurasa nyingi zenye majedwali, upande huu vitufe vya madirisha, upande ule vya tunda. Yote yameandikwa na watu wenye macho kwa ajili ya watu wenye macho. Yanakuchorea alama ya kitufe, kijidude chenye masikio manne kama mto uliofungwa pembe, na kukwambia bonyeza hicho. Dada yangu angekiona wapi?

Nikafunga mlango wa nyuma, nikajifunika mikono kwa khanga kama zamani, nikatafuta kwa vidole. Nilitaka nimpelekee kitu ambacho mkono unaweza kukishika. Kontroli ipo, karibu pale pale pembeni alipoizoea, lakini kwenye mashine hii ni kama mwenyekiti wa mtaa aliyeshindwa uchaguzi: kiti bado amekikalia, na hakuna anayemsikiliza. Unabonyeza kontroli na S, hakitokei kitu, wala mashine haikwambii kwamba hakijatokea kitu. Hilo lilinitisha kuliko yote. Mwenye amri ni komandi, na komandi imekaa kando ya kitufe kirefu cha nafasi, chini ya dole gumba.

Kwa hiyo kazi yote ya kidole kidogo ilibidi ihamie kwenye dole gumba. Kunakili, kubandika, kuhifadhi, kutendua: dole gumba. Kuruka neno hakukuwa kwa komandi, kulikuwa kwa kile kitufe kinachofuata kuelekea kushoto. Ukisahau ukatumia kontroli na mshale, kioo kizima kinateleza pembeni na kazi yako inaondoka nayo. Kwenda mwanzo wa mstari, komandi na mshale. Kufuta kinachokuja mbele, unashika kitufe cha pembeni kabisa pamoja na kile cha kufuta. Kuhama dirisha, kwa bahati, kulikuwa sawa na zamani: dole gumba lile lile na kitufe kile kile cha tabo, ila majina tu tofauti. Wateja walinikuta nikibonyeza bonyeza chini ya khanga na kunung'unika. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliniuliza kama naombea kompyuta, nikamwambia ndiyo, itikia amina.

Nilikwenda Kibuta nikakaa naye siku kadhaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na bila hata kunikaribisha chai akanyoosha mikono. Niliiweka mashine chini ya vidole vyake. Akaipapasa yote, kona kwa kona, kama anayemkagua mtoto wa jirani aliyeletwa kulelewa.

"Baridi," alisema. "Haya. Sema."

Nikasema komandi. Akanikata. "Sitaki jina lake. Niambie inakaa wapi na nani anaishika."

"Dole gumba la kushoto. Likunje kidogo kuingia ndani, mpaka uguse kitufe kirefu. Rudi nyuma kimoja."

"Hapa."

"Hapo. Kila ulichokuwa ukifanya kwa kontroli, sasa ni hapo."

"Pale pa kontroli weka komandi," alisema, akairudia tena kwa sauti ya kufundishia, na mimi nikajikuta nimekaa wima.

Ilikuwa tabu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na walisema kweli. Kichwa chake kilielewa siku ile ile, mikono ikagoma. Akiweka nukta, kidole kidogo kinakwenda zake kontroli kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani, S inaguswa, na hakuna kilichohifadhiwa. Mimi nikikaa kando namwambia, "Dada, hapana," naye anavuta pumzi, anarudia kwa dole gumba. Mara nyingine alikasirika akapiga kofi meza. Msomaji wa mashine ile, ile programu ya kusomea, alikuwa mama wa kizungu, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Akisoma "mihogo" unadhani anatukana. Dada alilazimika kumsikiliza akirudia maneno ya wazee wa Kisarawe kwa ulimi ule, na kubahatisha kama kilichoandikwa ndicho. "Huyu ndiye mtani wangu sasa," aliniambia, na alikuwa anatabasamu kidogo. Nilimwona amechoka. Alikuwa ameanza kuzeeka, na nilikuwa sijaliona hilo kabla.

Lakini aliweza. Hilo nataka lijulikane. Nilirudi Sofu, nikawa nampigia simu, na kila siku alikuwa na swali. Kurudi mwanzo kabisa wa andiko ni kipi? Kuteua aya nzima? Kuandika herufi nzito? Mimi natafuta, najifunika khanga, najaribu, nampigia kumwambia kidole gani kiende wapi. Baadaye maswali yakapungua, kwa sababu ameshaijua kanuni. Pale pa kontroli weka komandi, na karibu kila mahali ilikubali. Akawa anavigundua vingine mwenyewe na kunitangulia. Siku nilipokwenda kumsalimia nilimkuta barazani anachapa, na ule mdundo umerudi: nukta, hifadhi, nukta, hifadhi, sasa kwa dole gumba. Nilisimama njiani kwenye mikorosho nikausikiliza kabla sijabisha hodi. Nilifurahi. Niliona kaka ameshashindwa.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa Shaabani aliniambia kwenye simu kwamba amemaliza kuandika. Sauti zote. "Bado kuzipamba tu," alisema. Mama mtafiti anataka maneno ya mzee anayehojiwa yasogezwe ndani ya ukurasa kidogo, ili yatofautiane na maswali. Ni kazi ndogo. Alisema ataituma kesho yake kwa simu, jirani atamsaidia kuunganisha mtandao. Nilimwambia nitakuja Jumapili tule wali wa nazi. Akasema njoo.

Kesho yake alimpigia kaka. Hakunipigia mimi. Alimpigia kaka kwa sababu neno alilitoa kwake, na alimwambia, "Nimeshindwa. Njooni mnichukue." Kisha akampigia mama mtafiti, akamwomba radhi, akamwambia kazi imeharibika na awape wengine, asipotezewe muda. Kisha akamwita yule mwalimu wa shule ya msingi akampa ufunguo wa chumba cha mbele aanze kuingiza vitu, maana mwalimu alikuwa anasumbuka na nyumba. Dada yangu akiamua kulipa neno, hulilipa lote asubuhi moja. Mimi niliyajua hayo kutoka kwa kaka, aliponiambia kuna kirikuu cha mizigo kinakwenda Kibuta na nijiandae. Liliniuma sana kwamba hakunipigia. Bado linaniuma.

Tulifika mchana. Kitanda cha mwalimu kilikuwa kimeshasimamishwa ukutani sebuleni. Dada alikuwa amekaa barazani amevaa baibui, mkoba mapajani, kama abiria anayengoja gari lake. Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye shuka. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya kawaida, akauliza kama tumekula.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

Akanieleza bila kulalamika. Alikuwa anasogeza aya ya kwanza ndani. Alifanya kama alivyofanya miaka yote Tumbi, ila pale pa kontroli akaweka komandi, na M. Mama wa kizungu akasema kitu haraka haraka, akanyamaza. Dada akabonyeza ili asomewe, hakusomewa. Akahama kwenda kwenye sauti, akarudi kwenye maandishi. Mama wa kizungu akasema hakuna dirisha. Alilielewa hilo, lina Kiingereza chepesi. Akabonyeza mara nyingi kutendua. Kimya. Mwishowe akafungua ukurasa kwa njia pekee aliyoijua, akidhani ni ule ule wa kazi yake, ukaja mbele yake mweupe, na weupe anauona. Msomaji akasoma: hakuna kitu. Na mkono wake, kwa mazoea yake yale yale, ukahifadhi.

"Niliuhifadhi ukiwa mtupu," alisema. "Kwa mkono wangu. Nikajua basi."

Alikuwa amewafundisha mamia ya watu kwamba ukishahifadhi juu ya kazi yako umeizika. Aliamini alichofundisha. Mtu mwenye macho angetazama chini ya kioo akaona. Yeye alikuwa na vidole tu, na vidole vilimwambia kazi haipo.

Kaka alikuwa uani anamwelekeza dereva wa kirikuu jinsi ya kufunga godoro. Mimi nikaifungua mashine. Sikuwa na matumaini yoyote, nilitaka kuizima vizuri kabla ya safari. Ukurasa mtupu ulikuwepo kama alivyosema, umehifadhiwa kando, kwa jina lisilo na maana ambalo mashine iliupa yenyewe. Na chini kabisa ya kioo, pembeni, kulikuwa na kijipicha kidogo cha ukurasa, kidogo kuliko ukucha. Nikakigusa. Kikapanda, kikafunguka, kikajaa kioo chote: wazee wa tarafa nzima, maswali na majibu, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, nukta kwa nukta, hakuna neno lililopungua. Kwenye mashine ya tunda, komandi na M haisogezi aya. Inalikunja dirisha na kuliweka chini, lingoje. Na ukihama ukarudi, kama alivyofanya, halifunguki lenyewe.

Nilikaa nalo. Nikasikia kamba ikivutwa uani, na kaka akisema kaza, kaza hapo. Nilifikiri nisimwambie. Nilifikiri pia nimfuate kaka nimtukane, ingawa hakuwa na kosa. Kilichonijaa kilikuwa hasira, na hakukuwa na wa kumpa.

"Dada," nikasema, "ipo."

Hakugeuka. "Nini?"

"Kazi yako. Yote ipo. Ilijikunja tu."

"Ilikuwepo muda wote?"

"Ilikuwepo."

Alinyoosha mkono, nikamsogezea mashine, akaweka vidole. Alikwenda mwanzo wa andiko, mama wa kizungu akaanza kusoma jina la mzee wa kwanza kwa ule ulimi wake. Dada akamwacha asome kidogo, akamzima.

Nilimpigia mama mtafiti hapo hapo. Alisikitika kwelikweli, alikaribia kulia. Alisema itume, ataipokea kwa mikono miwili. Ila zile sauti zilizokuwa zinafuata, za mwaka mzima, asubuhi ameshazikabidhi kwa watu wengine Dar, na wameshaanza. Nikamwita kaka, nikamweleza, nikamwambia kazi ilimalizwa, kwa hiyo sharti limetimia, ashushe godoro. Kaka alisimama na kipande cha kamba mkononi. Alimtazama dada, akatazama kitanda cha mwalimu sebuleni.

"Wewe unasemaje?" akamuuliza dada, kwa sauti ndogo.

Angeweza kusema nabaki. Naamini kaka angekubali, na mwalimu tungemwomba radhi. Dada alifikiri, mikono juu ya mkoba.

"Niliwaita mwenyewe," alisema. "Na funguo nimempa mtu, ameshaleta kitanda na watoto wake wanajua wanahamia. Leo dirisha limejikunja nikahama. Kesho litajikunja jingine. Twendeni, kaka, jua lisituzamie."

Kirikuu kilitangulia na mizigo. Sisi tulipanda gari la kaka, mimi na dada kiti cha nyuma, mashine ikiwa katikati yetu imefungwa kwenye mfuko wake. Barabara ya Kibuta ina vumbi jekundu, na kaka alifunga vioo vyote. Mimi nilikuwa na simu mkononi natafuta, hata sijui kwa nini, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha. Nililipata tulipokuwa tunakaribia Kisarawe mjini, ndani ya jedwali moja refu, karibu na mwisho.

Sikutaka kumwambia. Lakini yeye ndiye aliyeuliza, kama alivyokuwa akiuliza kwenye simu.

"Kile cha kusogeza aya ndani. Kwenye mashine hii ni kipi?"

"Ni kontroli, dada."

"Komandi."

"Hapana. Hicho kimoja ni kontroli ile ile ya zamani. Unaongeza shifti tu, halafu M."

Akarudia polepole: kontroli ya zamani. Kisha akaweka mikono mapajani, juu ya baibui, ikiwa imekunjwa kama mbele ya mashine. Kidole kidogo cha kushoto kilishuka pembeni, mahali pake pa miaka yote. Kidole kidogo cha kulia kikafuata kwenye shifti, cha shahada kikagusa M. Alibonyeza. Akabonyeza tena, aya ya pili, na ya tatu, na akaendelea hivyo bila kukosea tukipita Kisarawe yote, anawasogeza wazee wake ndani mmoja mmoja. Nikageuza uso dirishani ili asinione nikilia, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba hakukuwa na haja ya kugeuka.